Sukari ya Nani kwenye Matumba ya Okidi?

Okidi ya Phalaenopsis, ile yenye majani mapana mazito inayouzwa sana katika maduka ya maua ya mijini, huchukua miezi miwili hadi mitatu, pengine zaidi, tangu shina la maua lichomoze hadi tumba la kwanza lifunguke. Aliyengoja muda wote huo huwa na jicho kali. Ndiyo maana hofu humwingia upesi anapoona matone mazito yanayong'aa chini ya matumba, yakiguswa yananata vidoleni, na siku chache baadaye palipokuwa na matone pana ukungu mweusi. Wengi hukimbilia duka la pembejeo, wakarudi na chupa ya dawa ya ukungu au ya wadudu na kupulizia shina zima. Wiki ikipita, matumba yanageuka manjano na kupukutika, na lawama zote zinaangukia ukungu.

Mara nyingi lawama hizo si za haki. Kuvu nyingi zinazoota juu ya matumba yanayonata hazikuufuata mmea, zimefuata sukari. Nayo sukari ina asili mbili zilizo mbalimbali kabisa. Yaweza kuwa imetolewa na mmea wenyewe ukiwa mzima wa afya, au imetolewa na wadudu wanaoufyonza. Hali ya kwanza haihitaji dawa yoyote. Hali ya pili inahitaji hatua za haraka, lakini hatua hizo ziwalenge wadudu. Kumaliza ukungu na kuwaacha wadudu ni kazi bure. Asiyetenganisha mambo haya mawili anatibu asichokijua, na kwa kiungo laini kama tumba la ua, tiba isiyo mahali pake huharibu kuliko ukungu wenyewe.

Mmea unaolipa walinzi

Tuanze na sukari ya mmea. Tumezoea kufikiri kwamba nekta hukaa ndani ya ua ili kuwavuta nyuki, vipepeo na ndege wanaochavusha. Lakini mimea mingi ina tezi nyingine za nekta zilizo nje ya ua: kwenye vikonyo, kwenye vijani vidogo vinavyokinga matumba, au mgongoni mwa sepali, yale majani ya nje yanayolifunika ua kabla halijafunguka. Orodha ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2013 ilihesabu spishi zaidi ya 3,900 za mimea yenye tezi za namna hiyo. Mkulima wa kunde, pamba, mbarika au pasheni anaishi nazo shambani kila siku. Katika okidi, Cymbidium, Cattleya, Oncidium na Phalaenopsis ni miongoni mwa zile zinazojulikana sana kwa kudondosha utamu kwenye matumba na mashina ya maua.

Kazi ya nekta hiyo ni kuwaita sisimizi. Tumba la ua ni kiungo laini, chenye lishe nyingi, kilichougharimu mmea akiba ya miezi. Kiwavi au fukusi akilipata, mbegu za msimu mzima zimepotea. Sisimizi wanaokuja kulamba sukari huzunguka huku na huko juu ya shina, wakimuuma na kumfukuza kila mdudu mwingine wanayemkuta. Sukari ni ujira, na ulinzi ndio kazi inayolipiwa.

Ushahidi wenye nguvu wa mapatano haya uko Laikipia nchini Kenya, kwenye mgunga wenye miiba iliyovimba, Vachellia drepanolobium. Mti huo huwapa sisimizi makazi ndani ya vinundu vya miiba na nekta kwenye majani, nao huwavamia wanyama wanaokuja kula matawi. Mwaka 2008 Todd Palmer na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio ambamo wanyama wakubwa walizuiwa kwa uzio kwa miaka kumi. Miti isiyoliwa ilipunguza nekta na miiba ya makazi. Sisimizi walinzi wakapungua, wale wasiolinda wakachukua nafasi, wadudu watoboao shina wakaongezeka, na miti iliyodhaniwa kuwa salama ikakua polepole na kufa kwa wingi zaidi. Mwaka 2024 Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walionyesha katika jarida hilohilo athari za sisimizi wa kigeni, Pheidole megacephala, walioingia katika hifadhi ya Ol Pejeta na kuwaua sisimizi wa asili. Tembo walivunja miti isiyo na walinzi, simba wakapungukiwa vichaka vya kuvizia, na idadi ya pundamilia wanaowakamata ikashuka. Yote hayo yalianzia kwenye uhusiano unaolipiwa kwa tone la sukari.

Okidi nazo zimo katika mapatano ya namna hiyo. Huko Meksiko na Amerika ya Kati iko okidi iitwayo Myrmecophila tibicinis, ambayo mashina yake yaliyovimba ni matupu ndani na sisimizi hukaa humo. Nekta hutoka kwenye shina la maua na kwenye matumba, na watafiti wameonyesha kwamba sisimizi hao hupunguza uharibifu wa fukusi wanaotafuna maua. Phalaenopsis ya dirishani imetokana na spishi za misitu ya Ufilipino, Indonesia na nchi za jirani. Imebeba tabia hiyo hadi sebuleni, mahali ambapo hakuna fukusi wa kufukuzwa wala sisimizi wa kulipwa. Msituni tone la nekta hulambwa mara litokapo. Nyumbani halina mlaji, hivyo linakua, linateremka kwenye kikonyo, linaganda, na hatimaye kuvu huligundua. Tunaloliona kama ugonjwa ni ujira usiochukuliwa na mtu.

Kuna wanaoshikilia kuwa matone hayo ni dalili ya mmea uliosumbuliwa na joto, baridi au kiu. Hoja yao inatokana na jambo la kweli: wiki moja matone ni mengi, wiki nyingine hayapo. Lakini mabadiliko hayo yana maelezo mepesi zaidi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, hasa usiku, maji ya nekta hayakauki, na tone linaonekana kubwa. Hewa ikikauka, tone husinyaa likawa punje za sukari ambazo jicho halizioni kwa urahisi. Tena tezi hufanya kazi kwa nguvu tofauti kadiri tumba linavyokua. Mmea wenye majani magumu, mizizi yenye afya na matumba yanayonenepa hauna ugonjwa kwa sababu tu unatoa utamu.

Sukari ya wafyonzaji

Asili ya pili ni wadudu: vidukari, inzi weupe, vidung'ata wenye vumbi jeupe la nta, na wadudu gamba wa mgongo laini. Wote hawa huchoma mrija mwembamba hadi kwenye mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Utomvu wa mishipa hiyo umejaa sukari, lakini una uhaba wa viini vya kujengea protini ambavyo mdudu anavihitaji ili akue na kuzaa. Ili apate vya kumtosha, hana budi kupitisha utomvu mwingi mwilini, na sukari ya ziada huitoa nyuma kama kinyesi cha majimaji matamu. Vidung'ata wachache waliojificha chini ya ala ya jani wanaweza kulowesha rafu nzima ya vyungu.

Mwenye okidi anahitaji kujua wanakojificha. Vidung'ata huonekana kama vinyweleo vya pamba kwenye maungio ya shina la maua, ndani ya vijani vikavu, chini ya shingo ya jani, na hata kwenye mizizi ndani ya chungu. Mdudu gamba wa kahawia, Coccus hesperidum, ni bapa, mviringo, hana haraka ya kwenda popote. Hujipanga kando ya mshipa mkuu wa jani, na asiyemjua humdhania kovu. Vidukari hupenda ncha changa na matumba yenyewe, na tumba lililofyonzwa likiwa dogo hufunguka likiwa limepinda au halifunguki kabisa.

Hapa pana tahadhari ambayo hata wakulima wazoefu huisahau. Wapo wadudu gamba wenye ngao ngumu, kama Diaspis boisduvalii ambaye ni adui mkubwa wa okidi za Cattleya, ambao hawatoi utamu wowote kwa sababu hawanywi kutoka kwenye mishipa ya sukari. Wanafyonza seli za jani na kuacha madoa ya manjano. Mmea unaweza basi kuwa mkavu kabisa na bado ukawa unaliwa, kama vile unavyoweza kunata na kuwa salama. Kunata peke yake hakutoshi kutoa hukumu.

Kusoma tone

Kutofautisha sukari hizi mbili kunawezekana bila maabara. Chukua lenzi ya mkono, ile ya kukuzia maandishi, na utazame vikonyo asubuhi kabla jua halijawa kali. Nekta ya mmea hukaa palepale ilipotokea. Utaona tone moja, safi, angavu, kwenye maungio ya kikonyo na tumba au kwenye ukingo wa sepali, na tumba la jirani lina lake mahali hapohapo. Mpangilio huo ni wa mmea. Ukilifuta, ngozi iliyo chini ni ya kijani, laini, haina kidonda wala ganda.

Utamu wa wadudu hauna mpangilio, kwa kuwa huanguka kutoka juu. Utaukuta kama vidoa vingi vidogo vinavyometa kwenye uso wa juu wa majani ya chini, kwenye ukingo wa chungu, mezani, hata kwenye kioo cha dirisha. Anayetafuta chanzo anapaswa kuinua macho: mdudu yuko juu ya vidoa, mara nyingi upande wa chini wa jani linalofuata. Pamoja na vidoa huonekana vipande vyeupe vyepesi kama vumbi, ambavyo ni ngozi ambazo vidukari wamejivua walipokua.

Kama shaka bado ipo, futa sukari yote kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, kausha, kisha tandika karatasi nyeupe chini ya mmea na uache siku mbili au tatu. Matone yakirudi kwenye vikonyo vilevile na karatasi ikabaki safi, mtoaji ni mmea. Karatasi ikijaa vidoa vinavyonata huku vikonyo vikiwa vikavu, wadudu wapo, hata kama hujawaona. Mambo yote mawili yanaweza kutokea kwa pamoja, kwa hiyo kupata nekta ya mmea kusikuzuie kukagua majani na mizizi.

Kuna pia utomvu wa jeraha. Konokono, panzi au kucha ya mtu aliyesogeza shina bila uangalifu huacha mchubuko unaotoa majimaji. Huo hutokea upande mmoja, huwa na rangi ya kahawia unapokauka, na chini yake pana kidonda kinachoonekana. Tiba yake ni kuacha kidonda kikauke.

Kuvu inayofutika na kuvu inayokula

Baada ya sukari ndipo tuje kwenye ukungu. Juu ya matumba ya okidi kuna ukungu wa aina mbili, na tofauti kati yao ndiyo inayoamua kila kitu.

Wa kwanza ni ule mweusi. Unatokana na kuvu kama Capnodium na Cladosporium, ambazo huishi kwa sukari iliyomwagika juu ya mmea. Hazitoboi ngozi ya jani wala ya tumba. Ukipitisha pamba yenye maji, weusi unatoka na kijani kinabaki chini yake. Madhara yake ni ya juujuu, ingawa yapo: kwenye majani huzuia mwanga, na kwenye matumba sukari iliyoganda pamoja na kuvu hugundisha ncha za sepali, ua likafunguka kwa shida na likabaki na madoa. Kuvu hii haiwezi kuendelea pasipo sukari. Ondoa chakula chake, nayo inakoma.

Wa pili ni ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, na huo ni ugonjwa kweli. Huanza kama vitone vya kahawia au vyenye wekundu, kama vimeloweshwa maji, ambavyo huonekana zaidi kwenye maua meupe yaliyokwisha kufunguka. Hali ikiwa ya unyevu, huota manyoya ya kijivu yanayotawanya mbegu za kuvu zikiguswa tu. Ukijaribu kufuta, doa halitoki kwa sababu liko ndani ya nyama ya ua. Botrytis hushamiri kwenye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20 na hutaka ua lililolowa kwa saa kadhaa ili mbegu yake iote. Petali iliyokwisha kupata doa haiponi. Kinachowezekana ni kukata maua yaliyoathirika, kuyatoa nje ya nyumba au kitalu, na kuzuia maji yasilale juu ya yale yaliyobaki.

Kwa hiyo jaribio la kufuta kwa pamba lina thamani kuliko dawa yoyote itakayonunuliwa kabla yake. Kinachofutika kinaelekeza kwenye sukari. Kisichofutika kinaelekeza kwenye unyevu na ubaridi.

Na matumba yanayopukutika? Hapo ndipo ukungu hubebeshwa mzigo usio wake. Tumba la Phalaenopsis hukauka na kuanguka kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na kuvu: mmea umehamishwa ghafla kutoka duka lenye mwanga hadi kona yenye giza, mizizi imekauka au imeoza, upepo wa kiyoyozi unaupiga moja kwa moja, au umewekwa karibu na ndizi na maembe yanayoiva, ambayo hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua kabla ya wakati. Mtu akiona matumba yanaanguka na ukungu upo, huunganisha mambo mawili yaliyokutana kwa bahati tu. Kabla ya kuhukumu, atazame mizizi, mwanga na bakuli la matunda.

Sisimizi: walinzi au wachungaji?

Suala la sisimizi ndilo linalowagawa zaidi watunzaji wa okidi. Upande mmoja husema wauawe mara waonekanapo. Upande wa pili husema waachwe, kwa kuwa ni walinzi. Kila upande una ukweli wake, kutegemea sukari inatoka wapi.

Pale ambapo sukari ni ya mmea, sisimizi ni mlinzi, na kwa kulamba nekta huinyima kuvu chakula. Pale ambapo sukari ni ya wadudu, sisimizi huyohuyo hugeuka mchungaji. Huwalinda vidukari, vidung'ata na wadudu gamba dhidi ya maadui wao, na wengine huwabeba hadi kwenye machipukizi mapya. Pwani yetu inajua sura zote mbili. Katika miaka ya 1950, huko Zanzibar, mtafiti M. J. Way aliwachunguza maji moto, sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, na kueleza uhusiano wao na mdudu gamba Saissetia zanzibarensis wanayemfuga. Lakini maji moto haohao huilinda minazi dhidi ya Pseudotheraptus wayi, mdudu anayefyonza nazi changa zikapukutika, ambaye amepewa jina la mtafiti huyo. Wanajulikana pia kwa kuwadhibiti wadudu waharibifu wa mikorosho.

Hukumu inategemea basi mahali na chanzo. Kwa okidi zilizofungwa kwenye miti bustanini, ambako viwavi na fukusi wapo kweli, sisimizi wachache kwenye matumba ni faida, waachwe. Kwa okidi ya ndani, msafara wa sisimizi unaopanda chungu ni taarifa ya kufuatilia. Wafuate hadi wanakoishia. Wakiishia kwenye tezi za vikonyo, futa sukari na wataondoka wenyewe. Wakiishia chini ya jani au ndani ya ala kavu, wamekuonyesha walipo vidung'ata, na ukiwaondoa mifugo, wachungaji hawatakuwa na sababu ya kubaki. Angalia pia kama wamejenga kiota ndani ya chungu, kwani huko huziharibu njia za hewa za mizizi.

Tiba kwa mpangilio

Kwa sukari ya mmea, tiba ni usafi na hewa, basi. Futa matone kila baada ya siku chache kwa pamba au kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ukishikilia kikonyo kwa vidole viwili ili tumba lisikwanyuke. Fanya hivyo asubuhi, kisha kausha, na usiruhusu maji yabaki kwenye moyo wa Phalaenopsis, pale majani mapya yanapotokea, kwani huko ndiko kuoza kunakoanzia. Sukari iliyoganda iloweshwe kwanza kwa pamba iliyoachwa juu yake kwa dakika chache. Kuikwangua kwa kucha ni kuchuna ngozi ya tumba. Fungua dirisha au weka feni ndogo inayosukuma hewa bila kuupiga mmea moja kwa moja.

Kwa wadudu, anza kwa kuutenga mmea na mingine. Vua vijani vyote vikavu vinavyofunika maungio, kwa sababu ndimo wanamojificha. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa, kwenye kijiti cha pamba, huwaua vidung'ata na wadudu gamba wanaoguswa nayo kwenye majani na mashina. Kwenye matumba itumike kwa ncha tu, ikimgusa mdudu mwenyewe, na isipuliziwe, kwa kuwa hukausha ngozi laini. Maji yenye sabuni ya kuulia wadudu iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea ni hatua inayofuata. Sabuni za kuoshea vyombo zina viambato vikali vinavyoweza kuondoa nta inayolinda jani. Mafuta ya mwarobaini yanafaa kwa majani, lakini yasipakwe juani wala kwenye joto kali, na matumba yaepushwe, maana mafuta huacha madoa na huziba vinyweleo vya hewa. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza kwenye jani moja, na majibu yangojwe kwa siku kadhaa.

Kazi hii haimaliziki kwa mara moja. Vitoto vya wadudu gamba na vidung'ata ni vidogo mno, hutembea, na hujificha pasipofikiwa na pamba. Rudia kila baada ya siku saba hadi kumi, kwa raundi tatu au nne, hata kama mmea unaonekana safi.

Dawa zinazoingia ndani ya mmea, kama imidaklopridi, zina mvuto kwa kuwa humfikia mdudu popote alipojificha. Lakini zinasafiri na utomvu, na kinachosafiri na utomvu hufika kwenye nekta. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi nje ya vitalu nyumba mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa Hispania kwenye michungwa ya klementina ulionyesha kwamba hata kinyesi kitamu cha vidung'ata waliokula mti uliotiwa dawa za jamii hiyo kiliwaua nzi na nyigu wenye manufaa waliokinywa. Kwa mtu mwenye vyungu vichache vinavyoweza kufutwa kwa mkono, sioni sababu ya kuingiza sumu hiyo kwenye sukari inayoliwa na viumbe wengine.

Dawa za ukungu nazo zina mipaka. Dhidi ya ukungu mweusi hazina maana, kwa kuwa sukari ikibaki kuvu nyingine itakuja. Zenye shaba ni hatari kwa okidi za Dendrobium, ambazo huungua nazo, na huharibu maua ya okidi nyingi. Unga wa mdalasini, ambao wengi husifu, hukausha. Unafaa juu ya kidonda cha jani lililokatwa, na haufai kwenye mizizi wala matumba. Na dawa za kopo za kupulizia mbu na mende zisitumike kamwe, kwani vimiminika vilivyomo huunguza tumba kwa siku moja.

Pwani, nyanda za juu na mashamba ya vanila

Kinachoshauriwa Ulaya, kwenye nyumba zenye hewa kavu ya vipasha joto, hakiwezi kuhamishwa kama kilivyo. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar zina joto na unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Huko nekta haikauki upesi na ukungu mweusi hupata nafasi nzuri, ilhali Botrytis, inayopenda ubaridi, si tishio kubwa. Mtunzaji wa pwani anapaswa kufuta mara nyingi zaidi na kuipa hewa kipaumbele. Tena Phalaenopsis hutaka siku za ubaridi kiasi ili itoe shina la maua. Joto likikaa juu ya nyuzi 28 muda wote, hutoa majani tu. Shina la maua lililopatikana pwani ni la thamani kiasi kwamba kulihatarisha kwa dawa isiyohitajika ni hasara maradufu.

Nairobi, Limuru, Arusha au Iringa hali ni kinyume. Miezi ya Juni hadi Agosti ina ubaridi, mawingu na umande, na ndiyo inayoipa Botrytis nguvu. Wakulima wa waridi wa Naivasha wanaifahamu vizuri kama adui wa mazao yao ya kuuza nje. Mtunzaji wa nyanda za juu amwagilie asubuhi mapema, asiloweshe maua, na aache nafasi kati ya vyungu.

Kwa wakulima wa vanila wa Kagera, Uganda, Zanzibar na Komoro, jambo hili lina uzito wa pesa. Vanila ni okidi, na matumba yake hutoa nekta ya nje inayowaita sisimizi. Ua lake hudumu siku moja tu, na tangu Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, alipoonyesha njia mwaka 1841, huchavushwa kwa mkono. Mkulima anayeona sisimizi na weusi kidogo kwenye matumba asichanganye hilo na kuoza kwa mizizi na shina kunakoletwa na Fusarium, ambako ndiko kunakoua mashamba. La kwanza ni kuvu ya juu ya sukari. La pili linaanzia ardhini, na fedha ya mkulima inapaswa kwenda huko.

Kosa kubwa katika suala hili lote hufanyika kabla ya dawa kuchaguliwa, pale mtu anapoona weusi na kuuita ugonjwa. Wauzaji wa okidi wangewasaidia wateja wao kwa kuwaambia mapema kwamba mmea wenye afya unaweza kutoa utamu, na kwamba pamba yenye maji ndiyo hatua ya kwanza. Wauzaji wa pembejeo wangewasaidia kwa kuuliza swali moja kabla ya kutoa chupa: je, weusi unafutika? Maswali mengine, ya wadudu walipo, hewa, ubaridi na mizizi, yanafuata kwa utaratibu wake, na kila moja lina jibu linaloweza kuonekana kwa macho. Dawa ina nafasi yake katika utaratibu huo, ila nafasi hiyo iko mwishoni, na okidi nyingi zinazotunzwa kwa kufuata mpangilio huu zitafungua maua yao kabla haijafikiwa.